Shule Ikifungwa, Mtoto Abaki na Nani? Barua za Wasomaji na Majibu

Barua za miezi ya Septemba hadi Desemba hufanana: mitihani imekwisha, shule inafungwa, na mtoto aliyekuwa mikononi mwa watu kumi anabaki mikononi mwa mmoja, au bila mtu yeyote. Tumechagua tano. Zimejibiwa na walimu wa malezi na unasihi wanaoandikia ukurasa huu.

*Nafundisha darasa la saba katika shule ya serikali wilayani Kilosa. Wanafunzi wangu ni 94. Kila mwaka wakishafanya mtihani wa Septemba ndiyo kwaheri. Wapo wanaoozwa, wapo wanaopelekwa mjini kufanya kazi za ndani, wapo wanaoanza kushinda kijiweni na watu wazima. Bajeti sina. Nifanyeje wasinipotee? – Mwalimu wa darasa, Kilosa*

Mwalimu, tuanze na kalenda, maana humo ndimo tatizo lilimo. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi huchukua siku mbili mwezi Septemba. Matokeo hutoka kati ya mwishoni mwa Oktoba na Novemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Mtoto wa miaka 13 aliyekuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi masomo ya ziada anakaa karibu miezi minne bila kengele, bila zamu, bila mtu wa kuuliza mbona hujafika leo. Wadogo zake wa darasa la sita bado wanaenda shule. Yeye hayumo tena kwenye daftari la mahudhurio la mtu yeyote. Pengo hilo huwameza hata watoto wenye adabu zao. Kwa hiyo kazi yako ifanyike kabla ya mtihani, wakati wote 94 bado wako mbele yako.

Wiki tatu kabla, chukua karatasi mbili za manila uandike majina yote 94. Zibandike ofisini, si darasani. Kila mwalimu apite na kalamu na kuweka alama kwenye jina la mtoto ambaye anajua mambo mawili juu yake yasiyohusu maksi: anaishi na nani, jioni hufanya nini, anapenda nini. Mpishi na mlinzi nao washiriki, mara nyingi wanajua kuliko sisi. Mkatazane kuulizana. Ndani ya nusu saa mtaona kitu kinachoumiza: wanaoongoza darasa na watundu wana alama tele, na katikati kuna majina hayana hata moja. Hao ni watoto wa kimya ambao hawafeli na hawasumbui. Ndio wa kuanza nao.

Kila mwalimu achukue wawili au watatu wasio na alama. Kwa siku 10 za masomo mfululizo azungumze na kila mmoja dakika 2 juu ya jambo lolote lisilo la masomo: kuku wao, mdogo wake, Simba na Yanga. Siku tatu za mwanzo utajibiwa "ndiyo mwalimu" na "hapana mwalimu", na walimu wengi huachia hapo wakidhani mtoto hataki. Endelea. Kosa la pili ni kugeuza dakika zile kuwa mawaidha. Ukimaliza na "kwa hiyo soma kwa bidii", kesho atakuona unakuja atapita njia nyingine.

Sasa vikundi. Usigawe kwa urafiki, gawa kwa kitongoji. Shule ikisha, kinachoamua nani anaonana na nani ni umbali wa kutembea. Kwa watoto 94 utapata vikundi 14 vya watu sita na viwili vya watu watano. Walimu wanane, kila mmoja vikundi viwili. Hakikisha hakuna kikundi chenye msichana mmoja peke yake. Mahali pa kukutana pawe pa wazi na panapojulikana: uwanja wa shule, chini ya mti wa ofisi ya kitongoji, uwanja wa kanisa au msikiti. Nyumbani kwa mtu, hapana. Iwe mara moja kila wiki mbili, saa moja tu, siku isiyo ya gulio, kwa sababu siku ya gulio kila mtoto ana alichotumwa.

Saa hiyo ifanyike hivi. Dakika kumi za kwanza watoto wenyewe wanaitana majina: nani hayupo, nani alimwona mara ya mwisho, lini, akielekea wapi. Mmoja anaandika kwenye daftari la kurasa 40. Hicho ndicho kiini cha mpango wote. Mengine ni ya kuwafanya waje. Nusu saa inayofuata ni Kiingereza, maneno kumi kutoka kitabu chochote cha kidato cha kwanza, kwa kuwa Januari watakuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa lugha hiyo na wengi huvunjika moyo wiki ya kwanza. Kuna faida nyingine: mzazi anayekataa mtoto "kwenda kucheza" hakatai aende kusoma. Dakika zinazobaki, mpira au rede. Mwalimu si lazima awepo kila mara, ila afike walau mara moja kwa mwezi, na daftari limfikie kila baada ya kikao.

Mtoto akikosekana mara mbili, mwalimu aende nyumbani na mwenyekiti wa kitongoji. Ukisikia habari za posa au za safari ya kazi za ndani, usiende kujadiliana peke yako. Wataharakisha jambo usiku. Toa taarifa kwa mtendaji wa kata na afisa ustawi wa jamii, au kwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga 116, namba ya msaada kwa mtoto, ambayo ni bure. Tena liseme mapema, kwenye kikao cha wazazi cha Agosti: Sheria ya Elimu, tangu marekebisho ya 2016, imeweka kifungo cha miaka 30 kwa anayeoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Kulisema mbele ya wote kabla halijatokea kunasaidia kuliko kumtishia mzazi mmoja baadaye.

Mawili yanayoharibu mpango huu. La kwanza ni soda. Mfadhili akileta soda na keki kikao cha kwanza, cha pili kisichokuwa na soda kitakuwa na watoto wawili. Anzeni bila kitu. La pili ni kikundi cha WhatsApp: simu ni za wazazi, na mtoto ambaye kwao hakuna simu kubwa anatengwa kwa mara ya pili.

Siku ya matokeo uwe shuleni. Usisome majina kwa sauti. Mwite mmoja mmoja. Asiyechaguliwa asiondoke kwako bila kujua mlango mwingine: chuo cha ufundi stadi cha VETA, Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, au sekondari ya nje ya mfumo rasmi inayopitia mtihani wa maarifa, QT. Mwandikie kwenye karatasi jina la chuo kilicho karibu na siku utakayokwenda naye kuuliza.

*Kamati yetu imepanga mchango wa mahafali 30,000 kwa kila mtoto. Asiyelipa hatavaa joho wala kula. Kuna watoto kumi na wawili najua hawataleta, na wameanza kutoroka shule. Nitasemaje mbele ya kamati? – Mwalimu wa malezi, Mwanza*

Iambie kamati hivi: mahafali ni siku ya mwisho ambayo mtoto anaonekana kuwa ni wa shule hii, na ninyi mnataka kumi na wawili waikumbuke wakiwa wamesimama nje ya uzio. Mchango uwepo, lakini usiwe sharti la mtoto kushiriki. Fedha zichangwe kwa jumla, zikusanywe na mhazini wa kamati wala si mwalimu wa darasa mbele ya wenzake, na orodha ya waliolipa isibandikwe popote. Kitakachopatikana kiamue sherehe. Joho la kukodi ndilo hula pesa nyingi na halina ulazima; sare iliyofuliwa na riboni ya rangi moja kwa wote inatosha, na picha inatoka safi.

Kisha fanyeni jambo moja lisilo na gharama, siku mbili au tatu kabla ya mahafali. Kila mtoto apate karatasi moja, jina lake juu kwa herufi kubwa. Keti kwa duara za watoto wanane. Karatasi inazunguka kulia kila baada ya dakika mbili. Kila mmoja anaandika sentensi moja inayomtaja mwenye karatasi kwa tendo alilolifanya. "Ulinipa nusu ya kalamu yako siku ya mtihani wa hesabu." "Ulinisindikiza zahanati nilipoanguka." Mtoto akiandika "wewe ni mzuri", mwombe aandike lini na wapi. Watoto huyatunza karatasi haya miaka.

Panapoharibikia ni hapa: wachague wenyewe wa kukaa nao, na yule asiye na rafiki atapata mistari mitatu wakati mwenzake ana saba. Mwalimu ndiye apange duara. Na karatasi zisirudishwe siku hiyo hiyo. Zikusanye, zisome zote usiku, toa yenye kejeli na uongeze mstari wako kwa kila mtoto, ndipo ugawe. Kwa darasa la watoto 80 ni kazi ya jioni mbili. Usifanye zoezi hili kama huna jioni hizo mbili, kwa sababu kejeli moja ikipenya itasomwa kwa miaka hiyo hiyo.

Nyongeza: msiwalazimishe watoto kusimama na kueleza "nitakachokikumbuka" mbele ya wageni. Shairi na ngonjera zinatosha kuliza wazazi. Mtoto anayeaga mahali ambapo ndipo pekee alipokuwa akipata uji wa saa nne hahitaji kipaza sauti.

*Mwanangu wa kiume yuko kidato cha pili, shule ya bweni Mbeya. Amerudi wiki iliyopita baada ya mtihani wa taifa. Hasemi, analala mpaka saa sita mchana, akiamka ni simu. Baba yake anasema ni ujana. Mimi moyo hautulii. – Mama, Tabata*

Mama, moyo wako una haki ya kutotulia, ila tutenganishe mambo. Kijana aliyekuwa akiamka saa kumi alfajiri kwa miezi mitano ana deni la usingizi. Siku tatu nne za mwanzo mwache alale. Kuanzia hapo rudisha mpangilio kidogo kidogo: aamke saa mbili, apate kifungua kinywa na mtu mwingine mezani, na awe na kazi moja ya siku inayofanywa na watu wawili. Kufua peke yake hakumfungui. Kukanda unga wa chapati pembeni yako kunamfungua. Vijana wengi husema mambo mazito macho yakiwa kwenye kazi, au kwenye daladala mmekaa bega kwa bega, si wakiitwa sebuleni na baba na mama.

Acha "shule ilikuwaje" na "mtihani ulikuwaje". Yote mawili yanajibika kwa "poa". Uliza vitu vyenye mahali na mtu. Nani alilala kitanda cha juu yako? Jumapili mlikuwa mnakula nini? Nani uliagana naye wa mwisho pale stendi? Swali la stendi ndilo lenye maana zaidi. Akikutajia jina, umepata pa kushika: mpigieni huyo rafiki mara mbili kwa wiki, kwa sauti na si kwa meseji tu, na kama anakaa Dar es Salaam mwaalike Jumamosi moja ashinde hapo. Bweni ni watu arobaini kwenye chumba, nyumbani ni dada yake mdogo na televisheni. Upweke wa wiki ya kwanza ni wa kweli. Asipotaja mtu yeyote, sikiliza kwa makini zaidi, kwa kuwa huenda alikuwa peke yake huko huko.

Kuna pia hofu ya matokeo. Asiyefaulu mtihani wa kidato cha pili hurudia darasa, na matokeo hutoka Januari. Mwambie sasa hivi, kabla hayajatoka, nini kitatokea nyumbani akifeli. Sema kitu mahususi: "Ukirudia, utarudia, na ada tutaitafuta." Kijana asiyeambiwa hujitungia jibu, na jibu analojitungia huwa baya kuliko lako.

Sasa ya kukuharakisha. Mpigie matroni, patroni au mwalimu wa darasa umuulize kama kulitokea jambo wiki za mwisho: ugomvi, uonevu, adhabu, kifo cha mwenzao. Hali hii ikizidi wiki mbili, akaacha kula, akajitenga hata na mpira alioupenda, au akigawa vitu vyake, mpeleke kituo cha afya. Akisema "afadhali nisingekuwepo", muulize wazi wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Kunampa ruhusa ya kulisema. Akikubali, usimwache peke yake hata usiku, ondoa dawa na sumu za panya ndani, na nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

Akikueleza kwamba kuna mtu alimfanyia ukatili bwenini, msikilize mara moja tu, usimhoji tena, wala usimwite mjomba aje asikie. Nendeni hospitali yenye Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana pamoja. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi ikianzwa ndani ya saa 72. Hata kama muda huo umepita, nendeni, kuna huduma nyingine anazohitaji. Na kwa wavulana hili hutokea. Baba yake alijue hilo.

*Siku ya kufunga shule sisi husoma nafasi, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, mbele ya wazazi. Walimu vijana wanasema tuache. Bila hivyo watoto watashindana vipi? – Mwalimu mkuu, Tanga*

Acheni, mwalimu mkuu, na uwasikilize walimu vijana wako. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule na watahiniwa bora wa kitaifa tangu matokeo ya Januari 2023. Mtoto wa 71 kati ya 71 hajifunzi chochote kwa kutajwa. Anachobeba kwenda nacho likizo ni kicheko cha uwanja mzima, na Januari ndiye wa kwanza kuchelewa kuripoti. Ripoti ipeni kwa mzazi na mtoto wakiwa wameketi na mwalimu mmoja, dakika tano: somo alilopanda, somo aliloshuka, na jambo moja la kufanya likizo. Kwa wazazi 70 na walimu wanane ni chini ya saa moja. Zawadi zibaki, lakini ziwepo pia za aliyepanda zaidi tangu Juni.

*Mimi ni msichana wa kidato cha nne, bweni, Singida. Namaliza mtihani mwezi huu. Nyumbani kwetu hakuna amani, na matroni ndiye mtu pekee ninayeongea naye. Nikiondoka hapa sijui nitakuwa na nani mpaka kidato cha tano. Naweza kumwomba namba yake? – Nimeficha jina*

Binti yetu, ahsante kwa kuandika. Kutoka Novemba hadi kidato cha tano kinapofunguliwa Julai ni zaidi ya miezi saba, na una haki ya kuuliza utakuwa na nani.

Kuhusu namba: muombe, lakini mpange jambo hilo lijulikane. Mwambie matroni hivi: "Naomba niwe naweza kukupigia baada ya kumaliza, na mwalimu mkuu ajue." Mawasiliano ya siri kati ya mtu mzima wa shule na mwanafunzi, hata yakiwa mema, hayakulindi wewe wala yeye. Huenda akakupa namba ya ofisi, au mkakubaliana umpigie Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Akikubali, shikeni siku hiyo. Akikataa, shule nyingi zina utaratibu unaomzuia. Usione kwamba amekutupa. Muulize swali la pili: "Nani mwingine karibu na kwetu naweza kumwendea?" Mpe jina la kata yenu. Walimu wanajuana, na afisa maendeleo ya jamii wa kata anaweza kupigiwa kabla hujafika.

Halafu mwambie, kabla hujafunga tranka, "hakuna amani" maana yake nini. Kama ni ugomvi wa wazazi, hilo ni jambo moja. Kama kuna mtu anakupiga, anakugusa au ametaka kukugusa, au wamekupangia mume, mwambie kwa maneno hayo hayo, ukiwa bado shuleni. Ukiwa bado hapo shule inaweza kuita ustawi wa jamii na kutafuta ndugu mwingine wa kukupokea. Ukishapanda basi inakuwa vigumu zaidi. Chagua siku ambayo huna mtihani kesho yake. Ukishindwa kusema, andika kwenye karatasi umkabidhi mkononi.

116 ipo mchana na usiku na ni bure. Ishike kichwani, usiiandike kwenye simu inayoshikwa na wengine. Ukiwa nyumbani jitafutie pia kitu chenye siku na saa: kwaya, madrasa, kozi fupi ya VETA, kumfundisha mtoto wa jirani hesabu. Faida yake ya kwanza ni kwamba kuna mtu ambaye Jumanne usipofika ataona.

Na chagua mwenzako mmoja wa bweni, mmoja tu, mkubaliane kabla ya kuachana: siku gani mtapigiana, kwa simu ya nani, na mmoja asipopatikana mara mbili mwenzake amwambie nani.